Kwa Nini Mshindi Hurudi Msituni

Hapo kale, shule yetu ya wasichana ilipokuwa na mabweni mawili tu huku nyanda za juu, wakimbiaji wake hawakuwa na kanuni ila moja: fika. Ukifika wa kwanza unapewa kombe, unapanda lori, unakula andazi lako. Aliyebaki nyuma shauri yake.

Nahodha wao alikuwa Basilisa Tluway wa kidato cha tatu, msichana wa miguu mirefu aliyependa ushindi kuliko chakula. Siku ya mbio za wilaya ukungu ulishuka mchana kweupe. Katikati ya msitu mwenzake Fratera, aliyekuwa amemtangulia, alijikwaa kwenye mzizi akaanguka, goti likapasuka. Alinyoosha mkono. Basilisa aliuona mkono ule, akauruka, akaenda zake.

Alikuwa wa kwanza kukata utepe. Mwalimu Gwandu alipomuuliza kama huko nyuma kuna aliyeumia, alijibu, "Sikuona mtu, Mwalimu." Njia ya mwongo ni fupi, lakini siku ile ilielekea kuwa ndefu, maana wasichana walifika mmoja mmoja, wakahesabiwa, wakatimia kumi na wawili. Fratera alikuwemo.

Basilisa alishusha pumzi. Walipokwisha kupanda lori ndipo akamtazama vizuri. Kwa baridi ile kila mtu alitoa mvuke kinywani; Fratera hakutoa. Wote walikuwa na matope hadi mapajani, ila magoti ya Fratera yalikuwa safi.

"Goti lako limepona?" alimnong'oneza.

"Hakuna aliyeanguka," yule akajibu taratibu. "Si umesema mwenyewe?"

Basilisa alielewa kwamba lori likiondoka, huyu ndiye atakayelala kitanda cha Fratera, na huyu ndiye atakayepokewa na mama yake Fratera likizo. Naye akisema ukweli, kombe linakwenda, na unahodha unakwenda. Dereva akawasha injini.

"Mwalimu, tusiondoke," Basilisa alisema huku analia. "Fratera yuko msituni. Alianguka, nikamwona, nikamruka."

Pale alipokuwa ameketi yule palibaki umande tu.

Basilisa alirudi mbio zaidi kuliko alivyokuja. Alimkuta Fratera chini ya mti anatetemeka, mkono mmoja ameuinua kana kwamba kuna aliyeushika.

"Mbona unatokea huko?" Fratera aliuliza. "Si ulikuwa hapa muda wote, umenishika mkono, unanikataza kuita, wala jina langu hukulitaja hata mara moja?"

Kombe lilipewa shule nyingine. Basilisa akavuliwa unahodha, wala hakulalamika.

Na tangu siku hiyo, mshindi wa shule yetu hagusi kombe kabla hajarudi njiani kumpokea wa mwisho. Humshika mkono, humwita kwa jina, kisha husubiri naye aitwe lake. Asipoitwa, huuachia mkono ule taratibu, akaendelea kutafuta.