Manyoya ya Shaba

Mbele ya saluni iliyobanwa kati ya duka la viatu na chumba cha kinyozi, alizoea kulala mbwa wa rangi ya shaba, na jina lake lilikuwa hilo hilo. Manyoya yake yaling'aa kama sufuria iliyosuguliwa kwa majivu. Wateja hawakumpita hivi hivi. Walimwinamia na kumpapasa mgongo kabla hata hawajamsalimu mwenye saluni. Naye msusi, mwanamke mwenye mikono myepesi na ulimi mwepesi zaidi, hakuona haja ya kuweka bango.

"Kama mbwa wangu yuko hivi," alipenda kusema huku akichovya chanuo majini, "jiulizeni wateja wangu wanatokaje hapa!"

Watu walicheka, wakakaa, wakasukwa.

Msusi aliishi mtaa wa nyuma pamoja na mumewe, fundi seremala, na mama mkwe wake. Bi mkubwa huyo alikuwa mjane aliyelea watoto wake kwa shida, na shida ilimfunza kutotupa kitu. Maji ya kuoshea mchele aliyamwagilia maua. Sabuni zilizobaki vipande alizifinyanga zikawa sabuni nzima. Ndiye aliyeshika jiko la nyumba, na ndiye aliyempa Shaba chakula kila asubuhi kabla mbwa hajamfuata msusi kazini.

Siku moja bomba la maji lilipasuka ndani ya ukuta wa stoo, na gunia la mahindi likalowa chapachapa bila mtu kujua. Lilipogunduliwa, punje zilikuwa zimeota ukungu wa kijani. Seremala alilishika gunia pembe mbili atoke nalo nje, mama yake akamzuia mlangoni.

"Unalipeleka wapi?"

"Jalalani, mama. Yamevunda haya."

"Riziki haitupwi, mwanangu. Nitayaanika, nitayapepeta, nitayasaga. Mbwa atakula."

Seremala alimjua mama yake. Aliliweka gunia chini, na mambo yakaishia hapo. Mahindi yalianikwa, yakasagwa, na harufu ikaondoka au karibu iondoke. Unga wake ukawekwa kwenye ndoo ya peke yake, mbali na unga wa watu.

Baada ya muda, manyoya ya Shaba yakaanza kufubaa. Mng'aro ulitoka mgongoni, ukatoka ubavuni, hatimaye mbwa mzima akafanana na zulia lililosahaulika juani. Manyoya yalimganda mteja mkononi anapompapasa. Kinyozi wa jirani, ambaye hakuwahi kuacha mzaha upite bure, alisimama mlangoni pake akaita kwa sauti:

"Dada, shaba yako imeota kutu!"

Wateja walicheka. Msusi naye alicheka, lakini kicheko chake kiliishia menoni. Jioni hiyo alimwogesha Shaba kwa shampuu nzuri aliyowawekea maharusi. Kesho yake alimpaka kiini cha yai, akamsuuza, akamsugua kwa mafuta ya nazi mpaka vidole vikateleza. Mbwa aling'aa, kisha akafubaa tena. Msusi akaongeza mafuta. Kila alivyopaka ndivyo Shaba alivyojiramba, na kila alivyojiramba ndivyo alivyozidi kukiacha chakula.

"Mke wangu, mbwa huyu hali," seremala alisema. "Jana nimempa mfupa, ameuangalia tu kama mgeni."

"Ni joto. Hata mimi sili."

"Mpeleke kwa daktari wa mifugo."

"Daktari wa nini? Manyoya? Manyoya si ndiyo kazi yangu?"

Mwishowe msusi alifungua kopo la rangi ya nywele, akaichanganya kwenye kibakuli, akampaka Shaba kuanzia kichwani hadi mkiani. Asubuhi iliyofuata mbwa alilala kizingitini akiwa mwekundu, anang'aa kuliko siku zake za ujana. Hata kinyozi alinyoosha mikono juu kukubali kushindwa.

"Umetisha, dada. Sasa nipake na mimi hiki kipara."

Saluni ilijaa siku hiyo. Bi harusi alikuwa amekuja na mashoga zake. Mmoja wao ndiye aliyepiga kelele. Shaba alikuwa amesimama, akayumba kama mlevi, akatapika maji ya njano, kisha akaanguka ubavu. Msusi aliacha kichwa cha bi harusi nusu kimesukwa. Alimbeba mbwa, kinyozi akamshika miguu, wakamkimbiza kwa daktari wa mifugo aliyekuwa mwisho wa barabara.

Daktari alimpapasa Shaba, kisha akatazama wekundu uliobaki kwenye kiganja chake.

"Nani amempaka rangi?"

"Mimi, daktari. Manyoya yalikuwa yamefubaa."

Daktari hakumlaumu. Aliinua mdomo wa mbwa wa juu. Fizi zilikuwa za manjano kama ganda la ndimu iliyoiva.

"Ini limeharibika, tena limeanza zamani. Manyoya yalikuwa yanakwambia hivyo. Huwa anakula nini?"

"Unga wa mahindi unaopikwa na mama nyumbani. Mahindi yalilowa kidogo, lakini yalianikwa vizuri."

"Yaliota ukungu?"

Msusi aliitikia kwa kichwa.

"Dada, hiyo inaitwa sumukuvu. Ukungu unapukutika, sumu inabaki. Juani haitoki, jikoni haiishi." Daktari aliiweka sindano chini. "Huko nyumbani, nani mwingine anakula unga huo?"

"Hakuna. Ni wa mbwa," msusi alijibu haraka.

Kisha mdomo wake ukabaki wazi. Alikumbuka kwamba siku nyingi sasa mama mkwe wake hakai nao mezani. Akikaribishwa husema ameshakula. Alikumbuka nywele za bi mkubwa zilizokuwa zikibaki kwenye kitana kila anapomsuka, na yeye mwenyewe akizitilia mafuta yale yale ya nazi. Alikumbuka jibu lake: "Uzee huo, mwanangu, usijisumbue." Hakuaga. Alitoka mbio akimwachia kinyozi mbwa.

Alimkuta mama mkwe wake jikoni, amekaa kwenye kigoda karibu na dirisha, bakuli mapajani. Alipomwona, bi mkubwa alilifunika kwa pembe ya khanga.

"Mama, unakula nini?"

"Uji tu. Mbona unahema hivyo?"

"Uji wa unga upi?"

Bi mkubwa alitazama pembeni. "Ule mzuri nawaachia nyinyi. Nyinyi ndio mnaofanya kazi. Mimi nakaa tu, huu unanitosha."

Msusi alipiga magoti, akamgeuza uso kuelekea mwangani. Weupe wa macho yake ulikuwa umegeuka manjano. Alilichukua bakuli, akampigia mumewe simu, na kabla seremala hajafika alikuwa ameshamvalisha bi mkubwa viatu.

Hospitali walimlaza. Madaktari walisema ini lilikuwa limeumia, ila lilikuwa bado halijashindwa. Angechelewa zaidi, wangesema mengine. Alirudi nyumbani baada ya majuma kadhaa, amekonda, na macho yake yameanza kutakata. Shaba hakurudi. Alikufa kwenye meza ya daktari siku ya pili, rangi ikiwa bado inang'aa mgongoni. Seremala alimzika nyuma ya karakana yake, na shimo jingine akalichimba mbali kwa ajili ya unga.

"Nimemuua mbwa wako kwa ubahili wangu," bi mkubwa alisema siku aliyorudi.

"Mama, wewe ulikuwa huoni. Mimi nilikuwa naona, nikapaka," msusi alimjibu, akamsogezea sahani ya chakula na kukaa naye mpaka alipomaliza.

Biashara iliendelea. Mteja akija na nywele zinazokatika, msusi humuuliza kwanza anakula nini, analala vipi, anaumwa wapi. Wengine hukasirika. "Nimekuja kusukwa, sikuja kuhojiwa!" alifoka mmoja, akaondoka. Msusi alimwacha aende, akamwita anayefuata.

Anayeliona wingu likitanda akalipaka rangi ili lipendeze, asije akauliza nani amemlowesha: dalili ya mvua ni mawingu.