Mshale Uliosimama kwenye Nne

Kipimo kisichoshuka hakipimi. Methali hiyo mmeisikia leo barazani, wanangu, na mnauliza imetoka wapi. Chanzo chake ni jenereta.

Hospitali ndogo ya Lugongo ilinunua jenereta ya dizeli iliyobaki kambini baada ya wajenzi wa barabara kuondoka. Ilikuwa imelala ghalani miaka mingi. Fundi Haule aliifunga, akaiwasha, akatazama kipimo cha presha ya oili. Mshale ulisimama kwenye nne. Akafurahi. Tangu siku hiyo, kila asubuhi alimwambia daktari, "Presha nne. Mashine nzima."

Mwezi wa tatu wa kuitumia, injini ikaanza kugonga kwa ndani. Haule akachomoa kijiti cha kupimia oili: oili imejaa. Akatazama kipimo: nne. Akasema ni uzee tu.

Asubuhi moja umeme wa gridi ulikatika. Wodini alikuwamo mama mmoja, Atupele, mwenye uchungu tangu jana yake, na mtoto amekaa vibaya tumboni. Daktari akaagiza upasuaji. Haule, aliyekuwa ameshawasha jenereta, aliizima kidogo aongeze dizeli. Muuguzi Yustina akaja kumhimiza, macho yake yakaangukia kile kipimo.

"Fundi, si umeizima?"

"Nimeizima."

"Mbona presha bado nne?"

Haule alicheka. "Ndivyo ilivyo siku zote, dada."

"Mimi napima presha za watu," Yustina akasema. "Hata maiti ana nne?"

Haule akageuka akakitazama tena kipimo. Alishika spana, akafungua kipimo, akakiweka kiganjani. Sasa hakikuwa kimeunganishwa na kitu chochote, na mshale bado ulikuwa kwenye nne. Ulikuwa umeganda kwa kutu. Miezi mitatu alikuwa akisoma kutu.

Akachomoa kipimo cha trekta la hospitali, akakifunga mahali pake, akawasha injini. Mshale mpya ulitikisika, ukalala karibu na sifuri. Akazima haraka, kisha akakimbia hadi chumba cha upasuaji.

"Daktari, usimkate!"

Daktari aligeuka, kisu mkononi. "Kuna nini?"

"Injini haina presha ya oili. Ingekufa mama akiwa tumbo wazi."

"Si wewe uliyeniambia nne, kila siku ya Mungu?"

"Nilikwambia. Ilikuwa nne ikiwaka, na nne ikiwa imezimwa. Daktari, kipimo kisichoshuka hakipimi."

Daktari aliweka kisu chini. Atupele alikuwa akiwatazama wote kutoka kitandani.

Haule alirudi akalala chini ya injini, akafungua bakuli la oili. Penye kichujio, kitambaa kilichosahauliwa na watu wa kambini kilikuwa kimenyonywa kikaziba mdomo wote wa kuvutia oili. Alikivuta, akasafisha, akatia oili mpya. Dakika hamsini. Alipowasha, mshale ulipanda hadi tatu na nusu. Akazima, ukashuka. Akawasha tena, ukapanda. Ndipo akampungia Yustina mkono, upasuaji uanze.

Mtoto alitoka akiwa wa bluu, akakawia kulia, kisha akalia. Haule aliisikia sauti hiyo akiwa amekaa sakafuni kando ya injini, akiutazama mshale.

Kwa hiyo, wanangu, mtu akikusifu ukifanya vyema na akakusifu vilevile ukiharibu, usimtegemee. Kipimo kisichoshuka hakipimi.