Pini Tatu za Tekla

"Usiisifu lesi ingali kwenye pini." Ndivyo mjomba wenu alivyomjibu jirani aliyekuwa akimwagia sifa uchumba wa wiki mbili, nanyi mkaniuliza maneno hayo yametoka wapi. Methali hii ilianza hivi.

Huko Usambara, kwenye misheni moja ya mlimani, palikuwa na chumba ambamo wasichana walifundishwa kufuma lesi. Mwalimu wao, Mama Veneranda, hakuwa mtu wa maneno mengi. Kila mwanafunzi alikuwa na mto mgumu, na nyuzi zilizozungushiwa vijiti vidogo. Vijiti hivyo hupishanishwa, na kila nyuzi zinapokutana huchomekwa pini ya kuzishikilia mpaka kazi iishe.

Tekla alikuwa na miezi minne tu chumbani humo, lakini alijitwika kufuma lesi ya shela la dada yake, Felista. Naye Felista alikwisha kuwatangazia wakwe kwamba la dukani halitaki, atavaa kazi ya mdogo wake.

Wiki moja kabla ya harusi, Tekla aligundua kwamba katikati ya ua kubwa alisahau kupishanisha nyuzi. Dawa ilikuwa moja: kufumua mpaka penye kosa, yaani kupoteza kazi ya siku tano. Moyo huo hakuwa nao. Alichomeka pini tatu za ziada, nyuzi zikakaa sawa, akaendelea. Kwenye mto kosa halikuonekana kabisa. Mimi simcheki, huenda ningefanya vilevile.

Siku ya kuikabidhi, mawifi wa Felista walikuja kuitazama wakapiga vigelegele. Tekla aliona haya. Akasema, "Jamani, msiisifu, ingali kwenye pini."

"Oneni adabu!" akasema wifi mkubwa. "Fundi hivi, wala hana makuu!"

Tekla akamsogezea mwalimu mto. Mtu akishasifiwa hivyo, kuongeza neno ni kazi.

Mama Veneranda akaanza kung'oa pini mbele ya wote, kama ilivyokuwa desturi ya chumba kile. Alipofika katikati alimtazama Tekla kidogo, kisha akaendelea. Ilipotoka ya tatu kati ya zile pini za ziada, ua likafunguka, pakabaki tundu la kupitisha yai.

"Mbona hukuniambia?" akauliza Felista.

"Nilisema, dada."

"Ulisema ili wakubishie."

Ilikuwa kweli, na hilo ndilo lililomliza Tekla kuliko lile tundu.

Felista aliolewa na shela la dukani. Mawifi waliyaeneza maneno ya Tekla kwa kejeli, watu wakayacheka sana. Tekla hakuyakana. Baada ya miaka akawa mwalimu wa chumba kilekile, na mwanafunzi akimletea mto wake akingoja kusifiwa, alimsogezea kibakuli cha kutilia pini, akamwambia, "Usiisifu lesi ingali kwenye pini."