Hakimu Asiyenusa

Hapo kale, zamani zile wanyama walipokuwa wakifagia nyua zao na kuamkiana kila asubuhi, palikuwa na... lo! Nani kaweka bakuli la uji hapa? Nimelikalia lote! Cheka tu, mpwa wangu Mwanarusi, cheka mpaka mwisho. Mtu mzima katembea nchi za watu, kapanda meli na treni, kisha anakuja kukalia uji nyumbani kwa dada yake! Haya, suruali itakauka. Sikilizeni.

Palikuwa na Bi Pimbi, mwili mdogo kama mto wa kulalia, mdomo haufungiki. Nungunungu alikuwa amemvamia na kumnyang'anya pango lake, pango alimozaliwa yeye na mama yake. Sasa analala na watoto wake chini ya kichaka, mvua yao, umande wao. Alikwenda kushtaki barazani. Hakimu wa baraza akamtazama juu mpaka chini.

“Una pembe?”

“Sina, mheshimiwa.”

“Una kucha?”

“Vikucha vya kujikunia tu, mheshimiwa.”

“Basi huna watu. Nungunungu ana kucha kama mimi. Pango lake. Kesi nyingine!”

Ndivyo ilivyokuwa, wanangu. Nchi nzima iligawanyika: chama cha Pembe huku, chama cha Kucha kule. Kiti kimoja tu hakikuwa na chama, nacho ni cha Hakimu wa Rufaa, mwenye uwezo wa kufuta hukumu za baraza. Aliyekigombea hakuruhusiwa kutaja chama, wala kupeperusha bendera, wala kuja na kundi lake. Na mwaka huo kiti kilikuwa wazi.

Bi Pimbi akakata rufaa. Kisha akakaa akiwaza: nani atakayeisikiliza?

Wagombea walikuwa Nyati, Chui na Bi Punda. Nyati alisema hana chama, huku akipiga pembe kwenye kila mti anaopita. Chui alisema hana chama, huku akinoa kucha. Bi Punda hakusema kitu. Aligombea kwa sababu hakuna aliyemkataza.

Desturi ilikuwa hivi. Kabla ya kura, kila mgombea anaingizwa bandani peke yake, anahukumu kesi ya majaribio. Wagombanao wamefichwa ndani ya matenga, vifuniko juu, asijue nani ni nani. Sheria inasema hakimu asikilize kwa masikio, pua aiache nje. Kwa maana mnyama, akishanusa tu, anajua huyu wetu, huyu wao.

“Vifuniko nitashona mimi,” akasema Bi Pimbi. “Mikono yangu myepesi.”

“Utakuwa umetusaidia, mama,” akajibu Korongo, msimamizi wa uchaguzi.

Akashona, akashona vizuri. Kisha akatwanga pilipili kichaa, twa! twa! twa!, akaipaka nje ya vifuniko vyote viwili.

Siku ikafika. Mbuzi akaingia tenga moja, Paka akaingia la pili. Walikuwa wakigombania sufuria iliyoazimwa nzima ikarudi imetoboka. Watu wakajaa nje ya banda. Chui na Bi Punda wakapelekwa ng'ambo ya mto, wasisikie.

Nyati akaingia. Mlango, pa! Kimya. Kisha kwa mbali: fff... fff...

“Haa... haa... CHYAAA!”

Banda likatikisika. Nyati akatoka macho yanamwaga maji, pua nyekundu kama nyanya.

“Mafua!” akanguruma. “Yamenishika tangu juzi!”

“Pole, baba,” akasema Bi Pimbi. “Mafua gani haya yanayopaka pua rangi?”

Watu wakaangua kicheko. Nyati akaondoka bila kuaga.

Chui akaletwa. Akaingia kwa madaha, mkia juu, nyata-nyata. Kimya. Fff...

“CHYAA! CHYAA! Mama yangu wee!”

Akatokea dirishani, si mlangoni, moja kwa moja mpaka mtoni, chubwi!

Ikawa zamu ya Bi Punda. Watu wakajiziba masikio, wakingoja chafya. Haikuja. Ikasikika sauti yake, pole pole: “Ulipompa, ilikuwa nzima? Nani aliiona? Ulipikia nini? Moto wa kuni au wa mkaa?” Akauliza, akauliza, mpaka nusu ya watu wakasinzia. Mwishowe akatoka.

“Aliyeazima aizibe. Aliiacha motoni bila maji, kakiri mwenyewe.”

“Na umetambua yupi wa Pembe, yupi wa Kucha?” akauliza Korongo.

“Sikuulizwa hilo. Nimeulizwa habari ya sufuria.”

Kokoto za kura zikamiminika kwenye kibuyu cha Bi Punda, ko-ko-ko-ko, mpaka kikafurika.

Bi Pimbi hakulala kwa furaha. Asubuhi alikuwa wa kwanza mlangoni kwa hakimu mpya, mzigo wa majani mabichi kichwani, tabasamu sikio hadi sikio.

“Hodi, shoga! Samahani, mheshimiwa! Unajua aliyepaka pilipili ni nani? Ni mimi! Bila mimi ungekuwa bado unabeba maji. Sasa lile pango langu, mwenyewe unaelewa, tulimalize hapa hapa, wawili wetu.”

Bi Punda akayatazama majani. Yalikuwa mazuri, yana umande. Akayasukuma nje kwa kwato, taratibu.

Ndiyo maana nawaambia, wanangu: ukitafuta hakimu asiyependelea mtu, ujue na wewe ni mtu.

“Mheshimiwa,” akanong'ona Bi Pimbi, “si mimi niliyekuchagua?”

“Ndiyo, na asante. Kesho njoo na shahidi, na Nungunungu aje na wake.”