Gari la Mwalimu

Vuteni stuli mketi. Wa chapati aendelee na chapati yake, wa chai aendelee na chai. Midomo ni yenu, mimi naomba mniazime masikio tu. Nina kesi imenikaa kooni tangu asubuhi, na leo sina nguvu ya kuimeza peke yangu.

Walikuwako watu watatu. Niseme wapo, maana hawajafa, na vikombe vyao ndivyo hivyo kwenye beseni, sijavisuuza. Kila mmoja Mungu alimpa kipaji chake.

Wa kwanza ni Nzowa, fundi bodi. Nzowa ana mikono. Mpelekee gari lililoliwa na kutu mpaka unaona barabara kupitia sakafuni, mwachie siku nne, atakurudishia kitu ambacho hata mwenyewe hutakitambua. Maneno hana. Ukimsifu anakuuliza kama umeshalipa.

Wa pili ni Zabroni, muuzaji wa yadi hii ya magari ambayo kibanda changu kimeegemea ukuta wake. Zabroni ana ulimi. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini hawakumjua Zabroni. Na msidhani ni mwongo, hapo ndipo wengi wanapokosea. Zabroni hasemi uongo, na anajisifia hilo. Anachukua ukweli, anaupunguza huku, anaukunja kule, kama fundi cherehani, mpaka unakukaa vizuri na unatoka umeridhika.

Wa tatu ni Gwamaka, fundi injini wa gereji ile ng'ambo ya barabara. Gwamaka ana jicho na sikio. Anainama, anasikiliza, anakwambia kipi kimechoka na kitakufa lini. Ndiyo maana wanunuzi humwita awakagulie gari kabla hawajatoa hela. Ndiyo maana pia Zabroni humpelekea magari ya yadi kutengeneza, mawili matatu kila wiki. Yaani anayemlisha ndiye huyo huyo anayetakiwa kumkagua. Hilo lishikeni, tutalirudia.

Sasa gari lenyewe. Lilikuwa dogo, la gia za mkono, na lilikuja yadini kutoka chuo cha udereva. Kwa asiyejua, gari la chuo lina pedali mbili za breki. Moja ya mwanafunzi, nyingine upande wa pili, ya mwalimu, ili mwanafunzi akichanganyikiwa mwalimu aokoe roho za wote. Miaka sita gari hilo lilifundishia watu. Hebu fikirieni klachi iliyokanyagwa na mamia ya watu, na hakuna hata mmoja aliyekuwa anajua kukanyaga.

Nzowa akapewa kazi. Akaondoa pedali ya mwalimu, akaziba matundu ya sakafuni kwa bati, akalaza kapeti jipya juu yake. Wakati anakata kile chuma kilichounganisha pedali mbili, ile ya dereva ikapata ufa shingoni, naye akaichomelea. Akamaliza na rangi ya bluu, safi, ya kung'aa. Alipokabidhi ufunguo alimwambia Zabroni, "Pedali ya breki nimeiunga tu. Atakayenunua mwambie aweke mpya."

"Nitamwambia," Zabroni akasema.

Nzowa akanawa mikono akaenda zake. Siku ile alikula hapa maharage na chapati tatu, namkumbuka.

Akaja mnunuzi, Mzee Ambakisye. Wengine mnamfahamu, yule bwana shamba mstaafu wa kule juu kilimani, aliyezunguka kwa baiskeli miaka thelathini akiwafundisha watu kupanda viazi kwa mistari. Mkewe, Bi Tusekile, figo zimegoma. Kila Jumatatu na Alhamisi lazima ateremke hospitali kusafishwa damu. Akikosa siku moja miguu inavimba. Akikosa mbili, mengine sitaki kuyataja. Na huko kwao usafiri ni bodaboda. Mtu ametoka mashineni, kichwa kinazunguka, halafu apande kilima mgongoni mwa pikipiki kwenye mvua. Mara moja alidondoka. Kwa hiyo kiinua mgongo kilipotoka, watu wakamshauri mzee kuku wa mayai, wakamshauri mashine ya kusaga. Akasema, "Nanunua gari. Tuse hatapanda pikipiki tena."

Zabroni alimpokea kwa mikono miwili. Akamtembeza yadi nzima akimwonyesha magari asiyoyaweza, mpaka walipofika kwenye lile la bluu mzee alikuwa keshachoka kukataa.

"Hili sikukushauri mwanzo, mzee wangu," Zabroni akasema, "maana nilikuwa nimemwekea mtu."

"Lilikuwa la nani?"

"La mwalimu. Mmiliki mmoja tu. Asubuhi darasani, jioni nyumbani. Hata safari ya Dar halijawahi kwenda."

Mnaona? Kila neno ni la kweli. Mwalimu alikuwa wa udereva, mwenye chuo, darasa lilikuwa ni gari lenyewe, na mtu aliyewekewa ni huyo huyo mzee. Lakini Mzee Ambakisye aliposikia mwalimu alimwona mtu wa chaki na daftari, mtu mpole asiyezidisha mwendo. Akasema, "Walimu wanatunza vitu." Zabroni akamwachia mzee ajidanganye mwenyewe. Kisha, kwa kuwa alishamwahidi Nzowa, akaongeza, "Breki lakini, mzee, gari lolote lile, ukifika nyumbani mwambie fundi wako aangalie. Breki ni uhai." Akaisema huku anacheka na kumpigapiga mzee begani, kama vile watu wanavyosema tutaonana Mungu akipenda.

Mzee hakuwa mjinga. Alisema hanunui bila fundi, na fundi wake alikuwa Gwamaka. Kwa nini Gwamaka? Kwa sababu ni mpwa wake, mtoto wa dada yake wa tumbo moja. Bi Tusekile ndiye aliyemlea mwaka ule mama yake alipofariki.

Gwamaka akaja na tochi. Akawasha injini, akasikiliza. Akainama upande wa abiria, akafunua kapeti, akaona bati. Akahamia upande wa dereva, akamulika juu ya pedali, akaona ule mchomeleo. Alikaa pale chini muda mrefu kuliko kawaida. Aliponyanyuka akafuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, akamtazama Zabroni, na Zabroni akamtazama yeye.

"Vipi, mpwa wangu?" mzee akauliza.

"Sina neno, mjomba."

Mzee akacheka kwa furaha. "Kama wewe huna neno, basi halina neno." Akatoa hela.

Ndugu zangu, Kiswahili hiki. Gari likiwa halina neno, ni zima. Mtu akisema hana neno, anaweza kuwa ameridhika, na anaweza kuwa amefungwa mdomo. Gwamaka alijua mjomba wake atasikia lipi. Wakati wanaagana akamwambia, "Mwezi ujao niletee nilifanyie sevisi, bure." Alishapanga moyoni kwamba siku hiyo atabadilisha pedali kimyakimya. Mjomba atapona, Zabroni hatakasirika, gereji itaendelea kupata kazi. Hesabu yake ilikuwa nzuri sana, tatizo ni kwamba pedali haikuambiwa.

Wiki ya tatu, siku ya Alhamisi, Mzee Ambakisye alikuwa anateremka na mkewe kwenda hospitali. Kwenye ule mteremko wa kanisani akakanyaga breki, pedali ikabaki chini ya kiatu chake. Imekatika pale pale ilipoungwa. Kushoto kuna korongo, kulia kuna ukingo wa udongo. Mzee akachagua udongo, na akalikata gari ili ligonge upande wake, lisigonge upande wa Tuse. Mama yule alitoka na michubuko. Mzee amevunjika miguu yote miwili.

Na mashine ya Alhamisi hiyo Bi Tusekile aliikosa.

Jana wale watatu walikwenda wodini kumwona, na machungwa kwenye mfuko. Nzowa alisimama mlangoni. Zabroni alijishughulisha na kuyapanga machungwa. Gwamaka alipiga magoti akalia, na akasema yote, ya pedali, ya mwalimu, ya kapeti, hakuficha.

Mzee akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema hivi, na mimi nayarudia kama Gwamaka alivyonisimulia:

"Polisi watafanya ya polisi. Pesa zenu sizitaki. Mimi miguu hii itanilaza miezi. Nataka mmoja wenu ampeleke mke wangu hospitali, kila Jumatatu na kila Alhamisi, amsubiri yale masaa manne ya mashine, amrudishe. Mpaka nisimame mwenyewe, au mpaka Mungu aamue lingine."

"Tutapokezana, mjomba," Gwamaka akasema.

"Hapana. Mkipokezana, kila mmoja atadhani leo ni zamu ya mwenzake, na Tuse atabaki barazani. Kazi yenu hii mliifanya kwa kupokezana, mmeona ilipofika. Nataka mmoja, aliyekosa zaidi. Sitamchagua mimi. Kaamueni, Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi abishe hodi."

Basi leo Jumapili, wametoka kanisani, wamekaa hapo mlipokaa nyinyi.

Zabroni akaanza: "Mimi niliuza. Muuzaji anasifu, ndiyo kazi yake. Na breki nilimwambia. Aliyeunga chuma kibovu si mimi."

Nzowa akasema: "Niliambiwa niondoe pedali ya mwalimu, nikaondoa, na hii ilipopata ufa nikaiunga. Nikakwambia wewe useme, nawe ukaigeuza mzaha. Mimi yule mzee sikuwahi hata kumwona."

"Hukumwona kwa sababu hukutaka," Zabroni akamjibu. "Ungekata ile pedali ukaitupa, gari lisingeuzwa."

Kisha wote wawili wakamgeukia Gwamaka. Wakasema sisi tulimficha mgeni, wewe ulimficha mjomba wako. Sisi hatukuaminiwa, wewe uliaminiwa. Gwamaka akasema, kwa sauti ndogo, kwamba asiyetengeneza sumu na asiyeiuza hawezi kuwa wa kwanza kuhukumiwa, yeye alinyamaza tu, na alikusudia kutengeneza. Zabroni akamuuliza, "Kwa hiyo una neno gani la mwisho?" Gwamaka akainamisha kichwa. Safari hii hata lile la sina neno hakulisema.

Wakanyanyuka bila kuafikiana. Kila mmoja amekwenda kwake akiamini atakayebisha hodi kesho ni mwenzake.

Unasemaje wewe wa kofia? Rudia, wote wasikie.

Unauliza mimi niliyajuaje ya chuo cha udereva.

Umeuliza vizuri, mwanangu, ingawa nilikuwa naomba usiulize. Miaka sita gari lile lilipita hapa mbele, lenye herufi ya L mgongoni. Siku moja mwanafunzi alipanda nalo hadi kwenye benchi langu, likamwaga ndoo ya maandazi. Chini ya taa ya kushoto palibaki kovu. Nzowa alilipaka rangi, lakini kovu lile mimi nalijua hata gizani kwa kupapasa.

Mzee Ambakisye, siku aliyonunua, alisimama hapa kunywa chai. Alikuwa na furaha, ufunguo kaushika mkononi. Akaniuliza, "Mama Sekela, gari langu unalionaje?"

Nikatazama kovu. Nikatazama ukuta huu wa yadi, ninaouegemea bila kulipa kodi. Nikamwambia, "Hongera, baba. Limekupendeza." Nikamwongezea sukari.

Kwa hiyo msihesabu watatu. Hesabuni wanne, kisha mniambie. Mwenye mikono, mwenye ulimi, mwenye jicho, na mimi mwenye birika. Bi Tusekile ameshafunga kanga yake na chupa ya uji, kesho alfajiri atakuwa barazani, miguu imevimba, anasikilizia mlango. Ungekuwa wewe ndiye mwamuzi, ungemwambia nani aende akabishe hodi?

Jibuni basi, msinitazame. Chai ya leo hamlipi.