Nguchiro, Kiboko na Zulia la Arobaini

— Hadithi iko mlangoni!
— Ivue viatu iingie.
— Haina viatu, ina kwato!
— Ipanguse kwato iingie.
— Imekanyaga tope la watu!
— Basi ikae, ituambie tope ni la nani.

Haya, ikakaa. Na tope lenyewe ndilo hili.

Palikuwa na mtaa wa wanyama, mtaa wa zamani, nyumba zimebanana na vichochoro vyembamba hata Nungunungu akipita hukunja miiba. Watu wake wengi walikaa juu, ghorofani, na kila nyumba ilikuwa na zulia, maana katika mtaa ule mgeni hapewi kiti. Mgeni hupangusa kwato, huketi chini, huegemea ukuta, huletewa kahawa. Zulia likiwa chafu, basi na jina la nyumba ni chafu.

Msafishaji wa mazulia hayo alikuwa Nguchiro. Mnamjua Nguchiro: mrefu, mwembamba, macho mekundu, mkia kama ufagio. Mashine yake ilikuwa ndogo, ya kubeba. Tangi lake kama ndoo, mpira wake mfupi. Huichomeka umeme ukutani, hunyunyiza maji na sabuni, kisha huyanyonya na uchafu wake: chirr, chirr, chirr. Ndoo ikijaa, humwaga, akaanza tena. Akimaliza hujitwika mashine mgongoni, huyo, anakwenda zake.

Ila Nguchiro alikuwa na ugonjwa mmoja: alisema kweli. Ukimwuliza doa litatoka, naye anajua halitoki, atakwambia halitoki. Ukimwuliza zulia litakauka lini, atakwambia kesho, tena fungua madirisha. Watu walisema ana mdomo mchungu. Lakini walimwita, maana alikuwa peke yake.

Ndipo akaja Kiboko na gari.

Gari lile lilibeba mashine tumboni, na injini yake yenyewe ndiyo iliyoizungusha: nguru-nguru-nguru, fyuuu. Lilichemsha maji, likayasukuma kwa mpira mrefu, likayavuta tena na taka zote mpaka kwenye tangi lake. Na tuseme haki: mashine ilikuwa nzuri. Kwenye kumbi za barabara kuu, gari likisimama mlangoni, zulia lilikanyagika kabla chai haijapoa. Nguchiro alikwenda kutazama. Akaweka kiganja juu ya zulia, akalikuta vuguvugu na karibu kavu. Akarudi nyumbani.

Angeridhika Kiboko na kumbi zake, hadithi isingekuwapo. Lakini Kiboko ana mdomo, na ukubwa wake mnaujua. Akautaka na mtaa wa vichochoro. Gari halikuingia mle, wala yeye mwenyewe hakuingia. Mabega yalikwama mwanzo wa kichochoro. Akasimama hapohapo akatangaza kwamba kindoo cha Nguchiro kipelekwe jikoni kikapikiwe maharage.

Sasa siku zile alikuwa amefariki mama yake Bi Kanga, yule ndege wa madoadoa, mpole, asiyeinua sauti. Marehemu alimwachia zulia jekundu lenye maua meupe. Alilinunua kwa kuatamia mayai ya watu. Miaka na miaka aliatamia mayai ya wenziwe waliokwenda kutembea, mpaka manyoya ya tumbo yakamwisha, na hilo zulia ndilo jasho lake. Matanga yalilichafua: mchuzi, kahawa, majivu ya ubani. Na arobaini imekaribia.

Chini ya Bi Kanga alikaa Mzee Kobe, msimamizi wa mtaa. Huyu alipenda kuamua mambo. Akaamua kwamba mtaa mmoja hauwezi kubeba kelele za mashine mbili. Siku ya arobaini wote watalikalia zulia la Bi Kanga. Aliyelisafisha, wakiridhika naye, apewe nyumba zote. Mwingine atafute kwingine. Watu wakakubali, maana mtu anaweza kudanganywa macho, lakini si makalio.

Kwa Kiboko huo ulikuwa mchezo. Kwa Nguchiro ulikuwa mkate. Barabara kuu zote zilikwisha chukuliwa. Mkewe na wanawe walikuwa wanakaa shimoni nyuma ya ghala. Akifukuzwa hapo, anakwenda wapi?

Bi Kanga akamwita Nguchiro kwanza. Akamkalisha, akampa kahawa, akamwuliza kweli ya Mungu ni ipi, achague mashine ipi.

"Mama," akasema Nguchiro, "ungekuwa unakaa chini, barabarani, ningekwambia mimi mwenyewe mwite Kiboko. Lakini wewe uko juu, tena ndani ya kichochoro. Mpira wake ukija mpaka hapa, mvuto unafia njiani. Yangu inapanda ngazi. Ila yangu itakuachia zulia bichi mpaka kesho yake, na lile doa la ubani pale pembeni halitoki. Nikudanganye nini?"

Bi Kanga akashukuru. Nguchiro akajitwika mashine mgongoni, huyo, akaenda zake. Alifurahi, maskini. Alidhani kweli imeonekana.

Akaja Kiboko. Akasimama mwanzo wa kichochoro, akapaza sauti mpaka dirishani juu. Bi Kanga akamwuliza mpira unafika? Akajibu unafika popote. Zulia litabaki bichi? Ubichi ni wa vindoo. Doa la ubani? Hata doa la kuzaliwa litatoka. Mzee Kobe akatoa shingo nje akasema chenye injini ni chenye injini. Kinachobebwa mgongoni, je, ni mashine au ni mzigo? Mtaa ukacheka. Nguchiro alikuwapo, akasikia.

Basi Bi Kanga akamchagua Kiboko. Hakumficha Nguchiro, alimwita amwambie mwenyewe, kwa upole wake uleule.

"Mwanangu, si kwamba sikuamini. Lakini wewe umenambia mabaya ya mashine yako, na mwenzio hakunambia ya kwake hata moja. Sasa mimi nipime kwa kitu gani?"

Nguchiro akajitwika mashine mgongoni, akashuka ngazi moja moja.

Mnajua kilichomchoma? Si kwamba Kiboko angeharibu. Alijua kwamba hataharibu. Mvuto ungefika dhaifu, zulia lingebaki bichi vilevile kama la kindoo, doa lingebaki palepale, na watu wangeketi juu ya ubichi huo wakisema ah, hii ndiyo mashine. Kiboko angefanya nusu ya kazi, na nusu hiyo ingemtosha. Nguchiro alilizungusha jambo hili moyoni mpaka likageuka nyongo. Kweli ameisema, na kweli imeachwa imesimama hata mkeka haikupewa. Akasema, basi. Kesho nitasema kitu kingine.

Kesho yake mchana akamfuata Kiboko dimbwini. Kiboko alikuwa amezama, masikio tu nje.

"Umekuja kuaga, we panya mrefu?"

"Nimekuja kukupa hongera, bwana mkubwa. Ila nasikia watu wananung'unika."

Masikio yakasimama. Nguchiro akamweleza kwamba majirani wote wa kichochoro, kina Bata, kina Kima, wanalalamika: mpira utapita milangoni mwao kwenda kwa Bi Kanga, wao wasipate hata tone. Wanasema mashine gani hiyo, gari zima kwa zulia moja. Hata kindoo cha Nguchiro husafisha moja moja.

Kiboko akatoka majini: bwaaah. "Nani kasema moja moja?"

"Si mimi. Mimi nimewaambia bwana mkubwa akitaka atausafisha mtaa mzima kwa pamoja. Unaukata mpira, unatia kiungo kila mlango, kila nyumba inapata mdomo wake. Mwenye nyumba anaushika mwenyewe. Injini kama ile, mvuto wake ni kama jua. Likimulika kwa Bata halipungui kwa Kima."

Huo ulikuwa uongo. Nguchiro alijua, maana mkono wake ulijua: pumzi ni moja, ukiipa midomo mingi hakuna mdomo unaovuta. Maji yatasukumwa kila mahali, kurudi hayatarudi. Lakini Kiboko hakuijua mashine yake. Aliijua sauti yake tu. Akaiona mitaa yote ya mji, kila nyumba na mdomo wake, na gari moja tu limesimama mbele yake. Mate yakamtoka.

"Na Bi Kanga?" akauliza.

"Bi Kanga umtie mwisho kabisa, juu," akasema Nguchiro. "Apate maji yaliyokolea."

Hapo alisita kidogo. Alimwona moyoni Bi Kanga na kikombe chake cha kahawa. Akajiambia zulia litalowa tu, na kulowa si kufa. Atapanda mwenyewe, atalinyonya, kesho yake litakuwa kavu. Zulia alilolisafisha yeye halikupata kufa kwa maji. Akajitwika mashine yake mgongoni, huyo, akaenda zake.

Siku ya kazi ikafika, kesho yake arobaini. Mtaa ulikuwa kama sikukuu. Kila mlango mdomo wa mpira, kila mdomo mwenye nyumba kaushika kwa mikono miwili. Mzee Kobe, ambaye zulia lake lilikuwa la kukanyagia mlangoni tu, naye alidai mdomo akapewa, akaushika hukohuko kitandani. Kule juu Bi Kanga alikuwa amepiga magoti juu ya zulia la mama yake. Kiboko akawasha gari.

Nguru-nguru-nguru.

Maji yakaja. Yakaja moto, yana povu, yakaingia kwa Bata, yakaingia kwa Kima, yakapanda ngazi yakaingia kwa Bi Kanga. Watu wakashangilia. Wakangoja ile fyuuu. Fyuuu haikuja. Kilichokuja ni kama pumzi ya mgonjwa: fyu. Fyu.

Kima akapaza sauti kwamba hayanyonyeki. Kiboko akadhani wanataka zaidi, akakanyaga mafuta. Nguru-nguru-nguru, maji yakaongezeka. Bata akapiga kelele kwamba yamefika kwenye godoro. Na Bata akilalamikia maji, mambo si madogo. Kiboko akakanyaga tena. Dari ya Mzee Kobe ikaanza kuvuja, top, top, top, kutoka kwa Bi Kanga, ikamkuta kitandani, naye kukimbia hawezi. Kila mmoja akaita lake, na Kiboko amekwama mwanzo wa kichochoro, haingii, haoni, anakanyaga tu. Mwisho injini ikachemka, ikakohoa, ikatoa moshi. Kimya. Yakasikika maji peke yake yakishuka ngazi.

Ndipo Nguchiro akatokea. Mashine mgongoni, uso wa huzuni. Akaingia kwa Bata: chirr, chirr, chirr. Akaingia kwa Kima: chirr, chirr, chirr. Akamtoa Mzee Kobe kitandani, akamfuta mpaka gamba. Watu wakamkumbatia. Wakasema huyu tulimcheka, na ndiye mwenye utu. Akamwaga ndoo, akaanza tena, akamwaga, akaanza tena, na kila nyumba iliyomshukuru ilimchelewesha. Alipopanda kwa Bi Kanga jua lilikuwa limeshuka.

Bi Kanga alikuwa bado amepiga magoti, manyoya yamelowa, mdomo wa mpira mkononi. Hakuuachilia, maana hakuambiwa auachilie lini.

Nguchiro akatazama zulia. Maua meupe hayakuwapo. Rangi nyekundu ilikuwa imechemka, imeyeyuka, imekimbilia kwenye meupe yote. Maisha yake yote alikuwa anasafisha kwa maji ya bombani, baridi. Ubichi aliupigia hesabu. Moto hakuupigia.

Akainama akalinyonya hata hivyo. Chirr, chirr, chirr. Yaliyoingia ndooni yalikuwa mekundu.

Siku ya arobaini watu waliketi juu ya mikeka ya kuazima, na nyumba ilinuka uvundo hata ubani haukufua dafu. Zulia lilikuwa limekunjwa pembeni. Kiboko alikuwa amekwisha fukuzwa, gari limevutwa kwa kamba. Baada ya dua Mzee Kobe akasimama, akatangaza kwamba mtaa wote ni wa Nguchiro, na kwamba yeye Kobe alilijua hilo tangu mwanzo.

Bi Kanga akaomba kusema. Naye si mtu wa kusema mbele za watu.

"Huyu alinambia kweli, akiwa amekaa papo hapo alipo. Nami nikamkatalia. Mama yangu kaniachia kitu kimoja, nami nimekipoteza kwa kutosikia." Akamgeukia. "Nisamehe, mwanangu."

Kweli ikampanda Nguchiro kooni. Ilikuwa tayari, nzima, haikupungua neno. Akawatazama wageni wanaomngoja. Akautazama mtaa kupitia dirishani, mlango kwa mlango, ambao sasa ni wake. Akaimeza.

"Nimekusamehe, Mama," akasema.

Kahawa ikapitishwa.

Tangu siku hiyo ukimwuliza Nguchiro doa litatoka, atakwambia litatoka. Ukimwuliza zulia litakauka lini, atakwambia jioni. Na watu wanampenda ajabu. Wanasema ule mdomo wake mchungu umekwisha, sasa ameiva.

Hadithi yangu imenyauka hapa. Ya uongo nimewasingizia wanyama, ya kweli mtaikuta kwenu. Atakayeisimulia tena atie chumvi yake, yangu imekwisha.

Na funzo lake, maana mtaniuliza, ni hili: semeni kweli, watoto, semeni kweli tupu na mchana kweupe. Mkweli hupata mtaa mzima, na walioumia humwomba msamaha. Asiyeamini amwulize Nguchiro.