Tuta Lililovuja Wakati wa Matanga

Hapo zamani, wala si zamani ile ya sungura kusema, ni zamani ya juzi tu, watu walipokwisha kuanza kupikia gesi ya samadi, kulikuwa na kijiji mlimani, na chini yake kijiji kingine. Wale wa juu walikuwa na mtambo. Ng'ombe wanatoa samadi, samadi inaingia mtamboni, gesi inakwenda jikoni, na tope linalobaki linatiririkia bwawani, linakozuiwa na tuta la udongo. Bwawa likikaribia kujaa, watu hushika majembe na ndoo wakalichota, wakalipeleka migombani.

Basi akafa Mzee Senkondo. Na kwa watu wale, mtu akizikwa, jembe halishikwi mpaka matanga yaanuliwe. Anayechimba kabla ya hapo anamchimbia marehemu kaburi la pili, ndivyo walivyosema.

Waombolezaji wakafurika. Mbonea, mlishaji wa mtambo, akaitwa na wapishi. "Baba, moto unasinzia, na watu hawajala." Akaongeza samadi. Wakamwita tena, akaongeza tena. Wali ukaiva, maharage yakaiva, na tope bwawani likapanda.

Yunisi, mama mmoja aliyekwenda kukatia ng'ombe wake majani, akapita chini ya tuta akaona udongo unatoka jasho. Akamwendea Nakijwa, dada wa marehemu, mwenye msiba wake.

"Shangazi, tuta linavuja. Waruhusu vijana washike majembe walizibe."

"Kaka yangu hajapoa, wewe unataka jembe?"

"Mara moja tu, Shangazi."

"Hata hiyo moja. Kamzike wako kwanza, ndipo uje unifundishe msiba."

Yunisi akajitwika majani yake, akaenda zake nyumbani. Kule chini hakupeleka neno.

Tuta halikupasuka. Tope lilinywea ardhini, polepole, likaibukia kwenye chemchemi ya kijiji cha chini. Maji yalikuwa meupe vilevile. Elifuraha akayachota, akamnywesha mwanawe. Mtoto akaharisha, akaharisha, akalegea. Wakamzika.

Wazee wa juu, walipojua ni tope lao, wakashuka na mbuzi. Wakasema, "Mama, tutakuja kijiji kizima kukupa pole."

Elifuraha akasema, "Mkija wote, mtakuwa wageni wa msiba kama wengine. Mimi namtaka mmoja. Aje akae hapa, anitazame, aniambie, mwanao nimemwua mimi. Na mbuzi wenu rudini naye."

Wakarudi naye. Wakawaita Mbonea, Nakijwa na Yunisi.

Mbonea akasema, "Nililisha mtambo, ndiyo. Nani hapa hakula? Wewe Nakijwa uliomba na ukoko. Na hakuna aliyeniambia tuta linavuja. Ningejua, ningewalaza na njaa."

Nakijwa akasema, "Mila sikuitunga mimi. Ningelegeza, ninyi hawa hawa mngesema nimefurahi kaka yangu kufa. Nilikataza jembe. Sikumkataza mtu kushuka kwa miguu yake akawaambia wenzetu wasichote."

Yunisi akasema, "Mimi nilisema. Katika nyinyi wote ni mimi tu niliyesema. Sasa aliyesema ndiye abebe?"

"Ulimwambia mtu mmoja," Mbonea akamjibu, "halafu ukaenda kulisha ng'ombe."

"Ningeshuka, mngeniita mtangaza aibu za msiba."

Na kweli wangemwita hivyo.

Wakabishana mpaka mate yakawakauka. Na kule chini Elifuraha ameweka kigoda mlangoni, anaangalia njia ya mlimani. Hataki maziwa, hataki pole ya mtu. Jirani akija kukalia kigoda, anamwambia, "Inuka mwenzangu, hapo pana mtu."

Nyie mliokaa hapa, msiniambie waende wote; wote amewakataa. Je, kati ya Mbonea, Nakijwa na Yunisi, nani ashuke akakikalie?